Uso wa Mmarekani kwenye ubao wa baba

Mjukuu wangu aliponiambia kwamba sinema yake itaonyeshwa Jumamosi katika ukumbi wa shule hapa Mpumudde, sikukalia kiti tena wiki hiyo. Nilipita kwa muuza mkaa, nikapita kwa mama wa chapati, nikapita kwa wanawake wote wa kikundi chetu cha misiba, mlango kwa mlango, hata kwa yule ambaye hatukuwa tunasalimiana naye kwa sababu ya mbuzi wake. Wote niliwaambia maneno yale yale: njooni Jumamosi mumwone mjukuu wangu.

Sikusema njooni muone sinema. Nilisema mumwone.

Wakaja. Watu wa Mpumudde ukiwaita kwenye kitu cha bure hawachelewi. Nilikaa mstari wa mbele nimevaa gomesi yangu ya harusi, nikawaweka wanawake wangu kulia na kushoto kama walinzi. Taa zikazimwa, majina yakapita ukutani, mimi sikuyasoma, macho yangu ya kusoma niliyaacha darasa la nne. Nilikuwa nangoja uso.

Akatokea msichana mwingine. Akatokea mchungaji mlevi, akatokea mama anayelia, wakatokea bata. Robo saa ikapita.

"Yuko wapi?" akauliza mwanamke wa kulia.

"Atatokea."

"Ni yule mwenye ndoo?"

"Yule miguu yake ni ya mtu mwingine. Atatokea, nyamaza."

Hakutokea. Taa ziliwashwa, watu wakapiga makofi, na mwenye mbuzi akageuka polepole, kwa raha kabisa. "Dada, sisi tumewaona bata," akasema. "Mjukuu wako labda alikuwa nyuma ya mlango."

Mjukuu alipokuja nyumbani nilikuwa nimemngoja na mdomo wangu umechemka kuliko sufuria. Huyu ni binti wa binti yangu, nimemlea tangu ana miaka mitatu. Anapiga picha za video za harusi hapa Jinja, hizo ndizo zinazomlisha, na kwa miaka kadhaa alikuwa anaigiza katika michezo ya wenzake. Uso wake nimewahi kuuona kwenye simu za watu sokoni. Kwa hiyo nilijua nilichokuwa nawaahidi majirani, au nilidhani najua.

"Umeniaibisha," nikamwambia. "Nimewaita watu waje waone hewa."

"Jaja, mimi siigizi tena. Mimi ni dairekta."

"Ndiyo kazi gani hiyo ya kujificha?"

Akacheka. Akavua viatu, akakaa mkekani, akanieleza. Kwamba dairekta ndiye anayemwambia mwigizaji asimame wapi, alie lini, ageuke vipi. Kwamba yule mama aliyelia alilia mara saba mpaka machozi yakawa ya kweli, na ni yeye aliyemrudisha mara zote saba. Kwamba katika kila picha niliyoona yeye alikuwepo, ila upande wa pili wa kamera.

"Lakini watu hawakukuona," nikasema.

"Jina lilikuwepo, jaja."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji. Nikaiweka chini, nikakaa na mimi. Maneno hayo mawili sikuwa nimeyasikia tangu nikiwa na miaka kumi, na aliyekuwa akiyasema ni baba yangu, na aliyemkomesha kuyasema ni mimi.

Baba yangu alikuwa mchoraji wa ubao wa sinema Mbale. Watoto wa siku hizi kazi hiyo hawaijui. Sinema ilikuwa ya Mhindi mmoja, na nje ya mlango wake palisimama ubao mkubwa wa plaiwudi, mrefu kuliko mlango wa msikiti wetu. Kila Jumatatu baba aliupaka rangi nyeupe, na ikifika Alhamisi ulikuwa umeota watu, farasi, bunduki, wanawake wenye midomo myekundu. Filamu zilikuja kwa gari moshi ndani ya makopo ya bati, na pamoja nazo karatasi ya tangazo iliyokunjwa. Baba alichora miraba midogo kwa penseli juu ya karatasi, miraba mikubwa kwa mkaa juu ya ubao, kisha akahamisha mraba mmoja mmoja kama mtu anayehamisha miche ya nyanya. Kiingereza hakukijua. Alisoma chuo cha Kurani tu, na mwandiko wake wa Kiarabu ulikuwa mzuri, lakini herufi za Kizungu alizichora kama alivyochora pua na masikio, bila kujua zinasema nini.

Jina moja tu alilijua, si kwa kulisoma, kwa sura. Lilikuwa jina la Mmarekani tuliyemwita Taratibu. Tulimwita hivyo kwa mwendo wake: alitembea kana kwamba ardhi yote ni yake na haiishi leo. Nyusi moja ilikaa chini kuliko nyingine. Hakucheka. Mbale nzima ilimpenda mtu huyo, wafanyabiashara wetu wa Kiislamu waliofunga maduka mapema ili wawahi viti, na askari wa kambini na askari jela, watu wa kaskazini, ambao waligonga sakafu kwa viatu vyao kila alipotoa bastola.

Kazi yake yote niliiona ikipita kwenye ubao wa baba. Kwanza alikuja na farasi, kijana, shingo nyembamba. Kisha wakamvika sare za vita, akawa sajenti, akafa katika filamu mbili na wiki iliyofuata akarudi mzima, na watu wakampokea bila kinyongo. Kisha akavaa koti na kofia, akawa mpelelezi, shingo imeanza kunenepa na baba akaongeza rangi ya kahawia chini ya macho. Mimi niliufahamu uso wake kuliko nyuso za wajomba zangu.

Halafu akapotea. Filamu zikaja bila yeye, mwaka mzima, zaidi. Sokoni watu waliulizana. Mmoja alisema farasi amempiga teke. Muuza vitunguu aliapa kwamba amesilimu na yuko Maka, na wiki nzima tulimwamini.

Kisha siku moja baba akakunjua tangazo jipya sakafuni, picha ya mwanamke na gari moshi, na akaweka kidole chini kabisa, pale penye maandishi madogo kama sisimizi.

"Angalia," akaniambia. "Huyu hapa."

Nikaangalia. Sura ya jina ilikuwa ile ile. Herufi ya kwanza imepinda kama ndoana, ya mwisho imesimama kama kiti.

"Wamemdhulumu," baba akasema. Alikasirika kweli. "Mtu mkubwa kama huyu, wamemweka chini kama fundi viatu. Na uso wamemnyima."

Akamrekebishia. Aliliondoa gari moshi lote ubaoni na mahali pake akamweka Taratibu, kwa kumbukumbu tu, bila miraba, mkubwa kuliko alivyowahi kuwa. Nadhani ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizofanya maishani. Ule uso ulikutazama mpaka ng'ambo ya barabara. Mwenye sinema alikuwa Kampala kwenye harusi ya ndugu zake. Aliyebaki na funguo alikuwa mkata tiketi, kijana wa shati jeupe aliyefika sekondari na aliyependa watu wajue amefika. Alitoka, akalisoma tangazo, akauangalia ubao, akaliangalia tangazo tena. Akasema, "Safi sana, fundi. Watajaa."

Wakajaa. Lilikuwa onyesho la saa kumi jioni, siku ya Jumamosi, na wengine walikaa chini mbele ya viti. Mimi nilisimama nje kando ya ubao kwa sababu nilitaka kuona watu wakiusifu. Baada ya muda nikasikia ukumbi unangoja. Ukumbi unaongoja una sauti yake, kama kuku wanaonusa mvua. Kisha mtu akapiga mluzi. Kisha miluzi kumi. Kisha viti.

Walipotoka, mkata tiketi alikuwa amesimama ngazini, shati lake jeupe linang'aa. Wakamzunguka. Yeye akanyoosha kidole juu ya vichwa vyao, moja kwa moja kwa baba.

"Mwulizeni fundi. Si yeye aliyechora?"

Mbele yao alikuwepo afande mmoja mrefu aliyekuwa amemleta mchumba wake. Nadhani asingekuwa na mchumba angekwenda zake. Akamsogelea baba.

"Wewe fundi. Huyu mutu iko wapi?"

"Afande, jina lake lipo."

"Mimi hapana lipa kuona jina."

Watu wakacheka. Angempiga kofi lingepona, lakini kile kicheko hakikupona. Afande akaagiza mafuta ya taa na tambara, na baba akaufuta ule uso mbele ya Mbale nzima, kuanzia kidevu kwenda juu, nyusi ile ya chini ikawa ya mwisho. Na yule wa shati jeupe, aliyetaka kuwa upande wa wanaocheka, akapaza sauti: "Fundi Hewa." Jina likamkaa baba kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake.

Mbale ikalitafuna jina hilo kama muwa. Mwenye bucha alimwambia, "Usije ukanichorea ng'ombe nisiye naye." Shuleni watoto walichora mraba mtupu mavumbini na kuniambia, hiyo ni kazi ya baba yako. Nikaacha shule. Baba akaacha kazi, au kazi ikamwacha. Mwaka haukuisha tukahamia Jinja, na huko alipaka mitumbwi ya wavuvi pale Wanyange, rangi moja, bluu, bila picha, bila herufi.

Neno lake lilikuwa moja tu. Unamletea chai, anasema, "Jina lilikuwepo." Anavua viatu, "Jina lilikuwepo." Mama alikuwa anajifanya hasikii. Siku moja tunakula kalo, ule ugali wa wimbi, na samaki, akalisema tena, na mimi, mtoto wa miaka kumi aliyekosa shule na marafiki, nikamwambia: "Baba, acha uongo. Mbale nzima ni waongo, wewe peke yako ndiye mkweli?"

Mama akanipiga na mwiko. Baba hakunigusa. Alinawa mkono wake, na sahani bado ina nusu, akatoka. Neno lile hakulisema tena mpaka tunamzika, na aliishi miaka mingi baada ya hapo.

Haya yote nilimwambia mjukuu siku ile, uji ukapoa. Akatoa simu.

"Aliitwa nani huyo Mmarekani?"

"Kutamka sijui. Kuchora najua."

Nikachukua kipande cha mkaa na mfuko wa sukari, nikachora kama baba alivyonionyesha, ndoana mwanzo, kiti mwisho. Mjukuu akageuza mfuko huku na huku, akaandika kwenye simu. Kisha akanigeuzia kioo. Mzee wa nywele nyeupe, nyusi moja iko chini.

Akanisomea. Kwamba alikuwa mtoto wa fundi mabomba. Kwamba alianzia jukwaani, akapewa sehemu ndogo ndogo, akapanda. Kwamba alipofika kilele akagombana na waliomwajiri kwa sababu walimpa mtu yule yule wa kuigiza kila mwaka na kofia tofauti, na yeye akachoka kusimama anapoambiwa asimame. Akaenda nyuma ya kamera. Akakaa huko mpaka uzee, na wengi waliokua baadaye waliziona filamu zake bila kujua sura yake.

"Na ile ya mwanamke na gari moshi?"

Akatafuta. Akaniwekea tangazo lenyewe, mwanamke yule, gari moshi lile, na akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka sisimizi wakawa herufi.

"Ya kwanza aliyoelekeza yeye," akasema. "Hii hapa imeandikwa, imeelekezwa na, halafu jina lake. Baba yako alikuwa sawa, jaja."

Nilimwambia azime.

Tangu hapo sikutulia. Nilifagia uwanja mara tatu kwa siku mpaka mchanga ukaisha. Nilikwenda Wanyange kununua samaki nisiyemtaka, nikarudi naye, nikampa paka wa jirani. Nilianza kukata kitambaa cha mto nikakiacha na mkasi ndani yake. Kwenye kikundi cha misiba waliniuliza naumwa nini. Nilikuwa nimebeba neno la kumtoa baba yangu kwenye uongo, na watu wa kulisikia karibu wote wako chini ya udongo. Afande yule nani ajuaye alikufia vita gani. Mwenye bucha alikufa, muuza vitunguu alikufa, Mhindi alifukuzwa nchini pamoja na wenzake. Nikampigia simu binamu yangu wa Mbale. Akasema amebaki mmoja, yuko Namakwekwe, macho mabaya, kichwa kizima. Mkata tiketi.

"Kesho," nikamwambia mjukuu.

"Kesho nina harusi Buwenge."

"Basi keshokutwa. Watu wa umri ule hawangojwi."

Akaazima gari la mwenzake. Njia nzima nilikuwa nimeshika mkanda wa mlango, nikimwambia aongeze mwendo, na alipoongeza nikamwambia apunguze. Kuanzia Tirinyi nilikuwa nasema peke yangu yale nitakayomwambia yule mzee. Nilipouona ukuta wa mlima Wanale umesimama juu ya mji, na maji yake yanashuka kama uzi mweupe, nikaanza upya kutoka mwanzo.

Tulimkuta kibarazani, kanzu safi, kofia imekaa vizuri, mkewe anachambua malewa, machipukizi makavu ya mianzi, kwenye ungo pembeni. Macho yake yalikuwa na ukungu. Nikamsalimia, akanijibu vizuri, akauliza mimi ni wa nani.

"Wa mchoraji wa ubao wa sinema."

Akafikiri, uso ukafunguka kwa furaha. "Binti wa Fundi Hewa," akasema. "Karibu, karibu sana. Mama, mletee chai binti wa Fundi Hewa."

Alilisema bila ubaya wowote. Kama unavyosema binti wa mwalimu.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri. Yote yakanitoka. Nikamwambia, "Mzee, wewe ulisoma sekondari. Ulilisoma lile tangazo. Ulikuwa unajua kwamba yule mtu hayumo kwenye filamu, ameitengeneza tu."

Mkewe aliacha kuchambua.

Mzee akapapasa fimbo yake, ingawa hakuwa anakwenda popote. "Mambo ya zamani hayo, dada."

"Kwangu ni ya jana."

"Kila mtu alicheka siku ile."

"Sikuuliza nani alicheka. Nimeuliza ulilisoma au hukulisoma."

Kuku akapita katikati yetu, akarudi. Mkewe akamwambia bila kumtazama, "Mjibu mtu. Ametoka Jinja."

"Nililisoma," akasema.

"Ukajua."

"Nikajua. Nilikuwa na miaka ishirini na shati jipya, dada. Mwenye sinema hayupo, funguo ninazo mimi. Nikaona ule uso, nikajua ukumbi utajaa, na atakaporudi ataniona mtu wa maana. Nilifikiri watanung'unika tu. Walipokuja na hasira niliogopa. Nikaonyesha kidole." Akainua mkono wake, kidole kile kile, sasa kimepinda, akakitazama kwa macho yasiyoona vizuri. "Alipokuwa anafuta, aliniangalia mara moja. Alikuwa hajui kwamba nimelielewa tangazo. Angejua, angenitaja."

Hapo mjukuu, aliyekuwa kimya muda wote kama mgeni mwenye adabu, akasema, "Babu, ungekubali kusema maneno hayo tena, nikuchukue video kwa simu?"

Nilidhani atatufukuza. Akamgeukia mkewe. "Niletee koti," akasema.

Na sasa nitasema nilichokiona, kwa sababu ndicho kilichonifanya nisimulie. Mjukuu wangu alibadilika. Huyu mtoto ambaye hawezi kukumbuka kufunika sufuria, alihamisha kiti cha mzee hatua mbili ili mwanga umwangukie upande mmoja, akamwomba mama asogeze ungo lakini asiondoke, akamfukuza kuku kwa mguu. Akapiga goti. Sauti yake ikawa ya chini, ya mtu anayemwongoza ng'ombe mlangoni.

"Anza ulipolisoma tangazo, babu."

Mzee akaanza. "Siku ile Fundi Hewa alileta..."

"Tusimame kidogo. Babu, mwite kama alivyostahili kuitwa."

"Mdomo umezoea, mwanangu."

"Najua. Tena."

"Siku ile Fundi He..." Akatikisa kichwa, amejikasirikia. Koti lilikuwa limemkaa vibaya, mkewe akainuka akalivuta bega. Mjukuu hakuharakisha. Alingoja, simu imetulia mkononi kama imepigiliwa msumari, na alipoona mzee amepumua akamwambia neno moja tu: tena. Mara ya tatu likapita. Mara ya nne likapita bila kujikwaa, na alipofika kwenye kidole sauti ikamvunjika mahali ambapo mara ya kwanza haikuvunjika.

"Siku ile mchoraji alileta ubao wake," mzee alisema. "Jina la yule Mmarekani lilikuwepo kwenye tangazo. Mimi nililisoma na nikanyamaza. Mchoraji hakusema uongo. Aliyeficha ni mimi."

Sauti ya mjukuu wangu haimo humo. Uso wake haumo. Lakini mimi nilikuwepo, na najua maneno yale yasingetoka kwa ajili yangu na hasira zangu. Mimi ningepata lile la kwanza tu, lenye Fundi Hewa ndani yake.

Tukanywa chai. Mzee alitaka kunishika mkono tukiaga, nikamwachia ashike, sikuwa na lingine la kumpa. Mkewe alinifungia malewa kwenye jani la mgomba.

Nilitegemea kwamba nikirudi garini nitakuwa mwepesi. Sikuwa. Nilifungua kioo nikakifunga, nikakifungua. Mjukuu alikuwa anafurahi, anasema picha imetoka vizuri, wanawake wa kikundi wataiona, mwenye mbuzi ataiona.

"Na wewe jaja, utawaambia nini kabla hatujaiwasha?"

Tulipita Budaka. Nilikuwa nimesafiri mpaka Mbale kumkamua mzee nusu kipofu neno lake, nikamkazia macho, nikamwambia kwangu ni ya jana. Na neno langu nimelikalia. Yeye alinyoosha kidole mara moja, kwa mtu asiye wake. Mimi nilimnyamazisha baba yangu nyumbani kwake, na mkono wake uko kwenye sahani.

Karibu na mashamba ya mpunga, kabla ya Tirinyi, nikamwambia asimamishe.

"Unaumwa?"

"Simamisha. Toa simu."

Akaegesha pembeni. Nilishuka, nikasimama kwenye nyasi, nikajifunga leso vizuri. Malori yalipita na upepo wake. Mjukuu akazunguka gari, akaangalia jua liko wapi, akanigeuza mabega kidogo kwa vidole viwili, kama alivyokuwa ananigeuza baba nikimzibia mwanga ubaoni. Akarudi nyuma hatua tatu.

"Unamwambia nani, jaja?"

"Baba."

"Haya. Mwambie."

Nikafungua mdomo, nikasema haraka, baba hukusema uongo, jina lilikuwepo, kama mtu anayetema kitu cha moto. Nilifikiri yamekwisha. Nikaanza kurudi garini.

Hakushusha simu.

"Tena, jaja," akasema. "Safari hii usiharakishe. Sema na lile la sahani."